Spishi ni Nini? Mtarakwa wa Mlimani na Bakteria wa Tumboni

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Mau hadi Nyandarua, kuna nyua ambazo nguzo zake zilisimikwa na watu ambao sasa ni marehemu. Nguzo zenyewe bado zimesimama. Ni za mtarakwa, mti ambao mchwa huupita na kwenda kutafuna mwingine. Maji yanayochuruzika kutoka misitu hiyohiyo hushuka mitoni, na yakifika mjini fundi wa maabara huyakinga kwenye chupa safi, akapima mililita 100, akatafuta ndani yake bakteria mmoja tu: Escherichia coli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna kona hapa. Katika mililita 100 za maji ya kunywa, bakteria huyo asionekane kabisa.

Mti na bakteria huyo wamevikwa vazi la aina moja, yaani jina la Kilatini lenye maneno mawili. Mtarakwa ni Juniperus procera. Vitabu vya biolojia huita kila kimoja kati yao "spishi", na mwanafunzi hujibu mtihani akiamini kwamba neno hilo lina uzito uleule kote. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Leo naona neno moja limetwishwa mizigo miwili isiyofanana, na kwamba kutoliona jambo hilo kunatugharimu tunapolinda misitu na tunapopambana na maradhi.

Wamaasai huuita mti huu oltarakwai, Wakikuyu mutarakwa, Washambaa mwangati. Wengine huuita mwerezi, ingawa si ndugu wa karibu wa mierezi ya Lebanoni. Uko katika ukoo mmoja na misaipresi. Jina lake la kisayansi lilichapishwa mwaka 1847 kwa vielelezo vilivyotoka Uhabeshi. Huota kuanzia milima ya Saudia na Yemen, ukavuka Ethiopia, Kenya na milima ya Tanzania kama Usambara na Meru, hadi Zimbabwe. Miti ya jenasi yake ni mingi duniani, lakini ni huu peke yake unaoota kwa asili kusini mwa Ikweta. Wapo wataalamu wa mimea waliowahi kusema kwamba si spishi inayojitegemea, kwamba ni tawi tu la Juniperus excelsa ya Ugiriki na Uturuki. Baadaye mafuta ya majani yakachambuliwa, vinasaba vikasomwa, ikaonekana ni miti miwili tofauti. Ubishi huo ulikuwa na mwisho kwa sababu kulikuwa na kitu halisi cha kubishania: miti inayopeana chavua, upande huu na upande ule.

Jina la bakteria lina njia nyingine. Mwaka 1885 Theodor Escherich, daktari wa watoto mjini Munich, alikuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga kwa hadubini, akakuta vijiti vidogo vilivyoota upesi kwenye chakula cha maabara. Akaviita Bacterium coli commune, yaani bakteria wa kawaida wa utumbo mpana. Jina tunalolitumia leo lilitolewa mwaka 1919 na Aldo Castellani pamoja na Albert Chalmers katika kitabu chao cha tiba ya nchi za joto. Castellani huyo ndiye yule Mwitaliano aliyekuwa Entebbe mwaka 1903, akaona vimelea vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Uganda. Kwa hiyo hata bakteria wa nepi za Munich ana kamba nyembamba inayomfunga na ufuo wa Ziwa Viktoria.

Sasa tuitazame miili yao, maana hapo ndipo tofauti inapoanza kuuma. Mtarakwa uliokomaa msituni huweza kufika mita 40. Lakini sehemu kubwa ya mti huo, hata ukiwa umesimama na majani mabichi, haiko hai. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia trakeidi, seli ndefu nyembamba ambazo haziwezi kufanya kazi hiyo mpaka zife. Hujenga kuta zao, humwaga vyote vilivyomo ndani, hubaki mirija. Kilicho hai katika shina ni tabaka jembamba chini ya gome, liitwalo kambiamu, pamoja na seli chache zilizotawanyika katika mbao changa. Katikati, ile mbao nyekundu yenye harufu ambayo zamani ilisafirishwa kwa shehena kwenda kutengenezwa penseli, ni seli zilizokufa zikiwa zimejazwa mafuta na utomvu. Mafuta hayo ndiyo yanayomfukuza mchwa. Waogiek wa Mau walilijua jambo hili vizuri, ndiyo maana walichonga mizinga ya nyuki kwa magogo ya mtarakwa. Nguzo ya ua haikuanza kufa siku ilipokatwa. Ilikuwa imekufa tangu ikiwa ndani ya mti, na kufa huko ndiko kulikoufanya mti usimame.

E. coli hana anasa ya namna hiyo. Ana urefu wa mikromita 2 hivi. Ukiwapanga 500 kwa mstari utapata milimita moja. Kila kitu ndani yake kinafanya kazi. Hana moyo wa mbao, hana gome la kuficha maiti za jana. Akipewa supu nzuri na joto la mwili hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Fanya hesabu: mmoja akigawanyika hivyo bila kizuizi kwa saa 24, migawanyiko ni 72, na uzao wake ungefika tani zipatazo 4,700. Haitokei, kwa kuwa chakula humwishia mapema sana, na ndani ya utumbo wetu huwa ni wachache mbele ya bakteria wengine. Hata hivyo hesabu inaonyesha alikoweka akiba yake. Mtarakwa umeweka akiba katika mwili unaodumu. Bakteria ameweka akiba katika mwendo wa kujirudia.

Na kifo je? Mtarakwa ukianguka tunajua kilichokufa. Bakteria akigawanyika wanakuwa wawili, na hakuna maiti. Kwa muda mrefu watu walisema kwamba kiumbe cha namna hiyo hakizeeki. Mwaka 2005 watafiti wa Paris walifuatilia seli zipatazo 35,000 moja baada ya nyingine na kukuta kwamba seli iliyorithi ncha ya zamani hukua polepole kidogo kuliko dada yake aliyepata ncha mpya. Kumbe hata humo yumo mzee na yumo mtoto. Ila uzee wenyewe umegawanywa mafungu madogo mno kiasi kwamba ukoo mzima hausimami kumlilia mtu.

Katika vinasaba, mizani inapinduka kwa namna ambayo haikutazamiwa. Jenomu ya kwanza ya miti ya koni (mtarakwa ni mmojawapo) kusomwa ilikuwa ya msprusi wa Ulaya, mwaka 2013. Ilikutwa na herufi zipatazo bilioni 20, zaidi ya mara sita ya zetu wanadamu. Ile ya E. coli wa maabara, aina ya K-12, ilichapishwa mwaka 1997 ikiwa na herufi milioni 4.6. Mti una herufi zaidi ya mara elfu nne. Lakini hesabu jeni: msprusi una 28,000 hivi, bakteria ana 4,288. Hata mara saba haifiki. Nafasi iliyobaki katika kitabu cha mti imejaa vipande vilivyojinakili vyenyewe kwa mamilioni ya miaka, na mti haukuvifuta. Bakteria hufuta. Karibu asilimia 88 ya jenomu ya K-12 ni maagizo ya kutengeneza protini. Kisichofanya kazi hakikai kwa muda mrefu. Anayependa kupima ukubwa wa kiumbe kwa wingi wa vinasaba vyake, mfano huu unatosha kumwachisha.

Lakini hayo yote ni tofauti za umbo na desturi. Swali la spishi ni jingine. Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr aliweka maana ambayo bado inafundishwa: spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na kutengwa kizazi na makundi mengine. Kwa mtarakwa maana hiyo inakaa vizuri. Miti ya kiume hutoa chavua, upepo huichukua, miti ya kike huzaa koni ndogo nene zinazofanana na zambarau, ndege huzila na kuziangusha kwingine. Jeni hushuka kutoka kwa baba na mama kwenda kwa mtoto. Hazipandi, hazikatizi pembeni. Ukichukua mtarakwa wa Marsabit na mwingine wa Usambara, vitabu vyao ni toleo moja lenye makosa madogo ya uchapaji hapa na pale.

E. coli hazaliani hivyo. Hugawanyika bila mwenzi, na jeni mpya huzipata kando, kwa jirani. Joshua Lederberg na Edward Tatum walilionyesha jambo hilo mwaka 1946, wakitumia ile K-12 iliyotolewa mwaka 1922 katika kinyesi cha mgonjwa wa Kalifornia aliyekuwa akipona dondakoo. Bakteria mmoja humgusa mwenzake na kumpitishia kipande cha vinasaba. Jirani huyo si lazima awe wa spishi yake. Virusi wanaowashambulia bakteria nao hubeba jeni na kuzipachika kwingine.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya jina moja wamo viumbe ambao mtu mwenye akili timamu angewapa majina tofauti. Mwaka 2002 watafiti walilinganisha aina tatu: K-12 asiye na madhara, O157:H7 anayesababisha kuhara damu na kuharibu figo, na mwingine anayeleta maradhi ya njia ya mkojo. Kati ya protini zote walizokuwa nazo kwa pamoja, asilimia 39.2 tu zilipatikana kwa wote watatu. Huyo O157:H7 ana jeni 1,387 ambazo K-12 hana. Wakati huohuo kuna Nissle 1917, aina iliyotolewa kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye hakuhara wakati wenzake wakihara. Hadi leo huuzwa kama dawa ya tumbo. Dawa na sumu, jina moja.

Basi wanasayansi wa bakteria wameamua mpaka kwa kipimo. Bakteria wawili wakifanana kwa asilimia 95 hivi katika vinasaba wanavyoshiriki, huhesabiwa spishi moja. Kipimo kinafaa kazini, sikibezi. Lakini mtu aelewe ukubwa wake: kwa kipimo hichohicho, binadamu na sokwemtu wangekuwa spishi moja. Na hata kipimo hicho hakifuatwi kinapoleta hatari. Shigella, aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897 wakati wa mlipuko wa kuhara damu, kwa vinasaba yumo ndani ya E. coli kabisa. Amebakizwa na jina lake kwa sababu daktari akiliona kwenye karatasi ya majibu lazima ashtuke. Nadhani walifanya vema. Ila tukubali kwamba hapo spishi imekuwa uamuzi wa hospitali. Si kitu kilichokutwa kwenye maumbile.

Turudi kwa fundi wetu wa maji. Vipimo vingi anavyotumia humtambua E. coli kwa kimeng'enya fulani kinachofanya sampuli ing'ae samawati chini ya taa maalumu, au kwa uwezo wake wa kuota katika joto la nyuzi 44. O157:H7 kwa kawaida haonyeshi kimeng'enya hicho, na katika nyuzi 44 huota kwa taabu. Yaani kipimo cha spishi kinaweza kumkosa mwanaspishi aliye hatari kuliko wote. Kipimo hakijakosea: kazi yake ni kutuambia kama kinyesi kimeingia majini, na kinyesi hakiji na aina moja tu. Lakini anayesoma majibu akidhani "E. coli" ni kiumbe kimoja chenye tabia moja, kama vile mtarakwa ni mti mmoja, hajaelewa alichokisoma.

Kuna shahidi mwingine nisiyeweza kumwacha. Tarehe 24 Februari 1988 mwanabiolojia Richard Lenski, huko Irvine, Kalifornia, alianzisha makundi 12 ya E. coli kutoka mzazi mmoja, kila kundi katika chupa yake. Kila siku asilimia moja ya kila chupa huhamishiwa chakula kipya. Kazi hiyo bado inaendelea, sasa Texas, na imepita vizazi 75,000. Tukisema kwa makadirio kwamba kizazi cha mtarakwa ni miaka 50, mti ungehitaji karibu miaka milioni nne kufikisha idadi hiyo. Mwaka 2003, baada ya vizazi zaidi ya 30,000, chupa moja ilichafuka isivyo kawaida. Bakteria wake walikuwa wameanza kula sitrati penye oksijeni. Na kushindwa kufanya hivyo ni mojawapo ya alama ambazo maabara hutumia kumtambulisha E. coli! Alikuwa amevunja masharti ya jina lake mbele ya macho ya watu, bila kuazima chochote kwa jirani. Kazi ilichapishwa mwaka 2008. Bado anaitwa E. coli.

Mtarakwa nao una jibu lake kwa dunia inayobadilika, lakini jibu hilo ni kungoja. Miche yake haistawi chini ya kivuli cha wazazi wake. Msitu wa mtarakwa ukiachwa kwa muda mrefu, miti ya majani mapana na mipodo huota chini yake na polepole huchukua nafasi. Kinachouzaa upya ni moto au uwazi mkubwa: msitu unaungua, ardhi inabaki tupu, mbegu zilizoangushwa na ndege huchipua kwa pamoja, na rika hilo moja hushika mlima kwa zaidi ya karne. Ndiyo sababu mara nyingi utakuta mitarakwa mikubwa yote ya kimo kimoja bila watoto miguuni. Mgeni hudhani msitu una afya kwa kuwa miti ni mirefu. Mwenyeji huuliza wako wapi wadogo.

Mtu anaweza kusema kwamba viumbe hawa wawili ni wageni kabisa kwa wenzao. Si kweli, na hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote katika somo hili. Wanatumia lugha moja ya vinasaba; neno linaloagiza kiungo fulani cha protini kwa mmoja huagiza kilekile kwa mwingine. Ndiyo sababu jeni ya insulini ya binadamu iliweza kupachikwa ndani ya E. coli ikasomeka, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa Marekani kwa matibabu. Wagonjwa wengi wa kisukari wanaendelea kuishi kwa kazi ya bakteria huyu. Isitoshe, kila jani la mtarakwa limejaa wazao wa bakteria. Mwanabiolojia Lynn Margulis aliitetea hoja hiyo mwaka 1967, wengi wakaipinga, leo inafundishwa shuleni: kloroplasti zinazonasa jua zilikuwa bakteria huru, na mitokondria vilevile. Ukoo wa mitokondria na ukoo wa E. coli ni matawi ya kundi moja kubwa la bakteria. Wahenga wa mti walichukua bakteria wa kale wakawafungia ndani wakawalisha. Kwa hiyo hata mtarakwa wetu, unaorithisha jeni kwa utaratibu wa mzazi na mtoto, umejengwa juu ya tukio la kupokea kando, lile ambalo bakteria hulifanya kila siku.

Tofauti za hesabu na ukoo zina matokeo mikononi mwa watu. Tunaposema tunalinda spishi ya mtarakwa, kuna kitu cha kulinda: idadi ya miti, umri wake, mbegu, mahali pa kuchipua. Katika orodha ya kimataifa mti huu haujahesabiwa kuwa karibu kutoweka, kwa sababu eneo lake ni pana. Lakini upana wa ramani unaficha mengi. Katika milima ya Asir kule Saudia miti imekuwa ikikauka kuanzia ncha za matawi. Katika Kenya nguzo zake zimewahi kuibwa msituni kwa wingi, na mwezi Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji katika misitu ya umma. Mti unaohitaji moto kwa wakati wake na utulivu wa karne baada ya moto huo hauwezi kukimbizana na msumeno, wala na hali ya hewa inayobadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Hauna jirani wa kumwazima jeni.

Na tunaposema tunapambana na E. coli, spishi si kitu cha kupambana nacho. Huwezi kumfuta, wala hutaki. Wamo ndani ya tumbo lako sasa hivi bila kukudhuru. Mwaka 2011 nchini Ujerumani aina ya O104:H4 iliua watu zaidi ya 50 na kuwafanya wengine karibu 4,000 waugue, chanzo kikiwa mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Aina hiyo ilikuwa imepokea jeni ya sumu ya Shiga kutoka kwa virusi. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayompa bakteria usugu dhidi ya colistin, dawa inayotunzwa kwa wagonjwa ambao nyingine zimewashinda. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa watu, ikiwa juu ya plasmidi, yaani kipande cha vinasaba kinachohama kutoka bakteria hadi bakteria. Adui hapo ni jeni inayosafiri, na barabara tunazozijenga kwa ajili yake: dawa zinazouzwa bila cheti, kuku wanaonyweshwa antibayotiki wasipougua, vyoo vinavyomwagikia mtoni. Ripoti inayosema tu "E. coli amepatikana" haijatuambia ni jeni gani amezibeba. Maabara zetu za wilaya zikipewa uwezo wa kulijibu swali hilo la pili, daktari atajua mapema ni dawa zipi zimeshashindwa.

Katika msitu wa mtarakwa swali la pili huulizwa kwa macho tu. Unainama chini ya miti mikubwa, unasogeza majani makavu, unahesabu miche. Ukikosa hata mmoja, basi urefu wa miti iliyo juu ya kichwa chako ni habari ya karne iliyopita.